Faiba haifiki, 4G inasoma kijiti kimoja: nichague njia gani ya intaneti ya nyumbani?

Bondeni

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nyumba iko bondeni, paa la bati, kuta za tofali nene. Faiba haifiki na hakuna dalili kwamba itafika karibuni. Ndani 4G inasoma kijiti kimoja, ukitoka uani vinakuwa viwili. Mitandao miwili ya simu ndiyo inayosikika. Kuna pia mtoa huduma mdogo anayerusha intaneti kwa redio kutoka kilimani, umbali wa kama kilomita 4, na satelaiti nayo inapatikana. Umeme ni wa sola: paneli ya wati 200 na betri moja ya asidi, volti 12, Ah 100.

Watumiaji ni wawili, wote wanafanya kazi kwa mikutano ya video, kila mmoja kama saa 3 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Filamu si kipaumbele. Nimeshauriwa ninunue busta ya mtandao (kifaa cha kukuza mawimbi ya simu) niweke sebuleni. Je, ni sahihi? Na kati ya njia hizo tatu nianze na ipi?

FundiMlingoti

Mkuu, busta weka pembeni kwanza, na vijiti usiviamini. Kila mtengenezaji wa simu ana kanuni yake ya kuvichora, kwa hiyo simu mbili zikikaa meza moja zinaweza kuonyesha vijiti tofauti. Unachohitaji ni namba mbili:

RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia. Inaandikwa kwa dBm na huwa hasi. -80 ni nzuri sana, -90 nzuri, -100 ya kuridhisha, -110 dhaifu, ukikaribia -120 unaishi kwa bahati.

SINR, yaani mawimbi yako yamezidi kelele na minara mingine kwa kiasi gani. Juu ya 20 ni bora, 13 hadi 20 ni nzuri, 0 hadi 13 utafanya kazi kwa kiasi, chini ya 0 ni matatizo matupu.

Wengi hukimbilia RSRP wakasahau SINR, na hapo ndipo hela inapopotea. Mnara unaosikika kwa nguvu lakini umezungukwa na kelele unashindwa na mnara wa mbali unaosikika peke yake.

Kwenye Android bonyeza *#*#4636#*#* uingie taarifa za simu, au weka programu yoyote ya kusoma minara inayoonyesha RSRP, SINR, bendi (kundi la masafa unalotumia) na namba ya seli (sehemu ya mnara inayokuhudumia). Kwenye iPhone ni *3001#12345#* kisha piga. Halafu fanya hivi:

Pima sehemu tatu: ndani, uani, na juu ya paa, simu ikiwa imeinuliwa juu ya bati. Bati huzuia mawimbi vibaya, kwa hiyo namba ya ndani haikuambii lolote kuhusu uwezo wa eneo lako. Pima kwa laini za mitandao yote miwili. Kila sehemu subiri dakika moja kabla ya kuandika, maana namba zinaruka.

Rudia kipimo cha kasi asubuhi na mapema, mchana, na kati ya saa 1 na saa 4 usiku. Fanya hivyo siku tatu, mojawapo iwe ya wikiendi. Mnara unaotoa Mbps 30 alfajiri na Mbps 2 saa 3 usiku umezidiwa na watumiaji, na hakuna antena inayotibu hilo.

Andika kasi ya kupakia pia, usiishie kwenye ya kupakua. Mnara hutuma kwa makumi ya wati, kifaa chako kinaruhusiwa miliwati 200 tu. Mnara unakusemesha kwa spika, wewe unajibu kwa mnong'ono. Ndiyo maana eneo dhaifu huanza kufa upande wa kupakia, na mkutano wa video unategemea upande huohuo.

Ukishapata namba zilete hapa tuzisome pamoja.

Nyuzi_Nane

Naongezea kuhusu busta, kwa sababu ushauri huo umewaumiza wengi.

Busta inakuza kila inachosikia, kelele pamoja na mawimbi. SINR haipandi kwa maana yoyote, vijiti tu ndivyo vinavyojaa. Pia antena yake ya nje na ile ya ndani zikikaribiana zinasikilizana zenyewe, kama maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika. Ikifika hapo inajizima, au inaanza kuchafua mnara kwa jirani zako wote. Kwa sababu hiyo nchi nyingi haziruhusu kuiwasha bila kibali cha mamlaka ya mawasiliano. Busta ina kazi yake pale unapotaka simu za kawaida za sauti ndani ya jengo. Kwa intaneti ya nyumbani, chombo sahihi ni ruta ya 4G ya nje: boksi lisiloingia maji, antena zikiwa ndani yake, linafungwa mlingotini na kushusha waya mmoja wa mtandao hadi ndani.

Kwa nini ruta ya nje na siyo ruta ya mezani yenye antena ya nje? Kebo. Antena ya kuchana, ile yenye vijiti vinavyopungua urefu, inakupa faida ya takriban desibeli 8 hadi 11. Ukiishusha kwa mita 10 za kebo nyembamba ya RG58 kwenye masafa ya MHz 1800, kebo inakula karibu desibeli 8. Umepanda juu, umefunga antena, umerudi pale ulipoanzia. Kebo nene ya daraja la LMR-400 kwa urefu huohuo inakula chini kidogo ya 2, lakini ni ngumu kukunja, ni ghali, na unahitaji mbili. Waya wa mtandao haupotezi mawimbi ya redio hata kidogo, maana redio yote iko juu, na unafika hadi mita 100.

Nimesema kebo mbili kwa sababu 4G hutumia njia mbili kwa pamoja. Ukifunga antena moja tu unajinyima njia ya pili, na mawimbi yakiwa mazuri hiyo ni nusu ya kasi. Zikiwa antena mbili, moja ilale digrii 45 kushoto na nyingine 45 kulia. Zisisimame sambamba.

Ukiamua kwenda kwa antena za nje, chunguza konekta kabla ya kulipa. SMA na RP-SMA zinafanana kwa macho, ila moja ina pini katikati mahali ambapo nyingine ina tundu. Zinaingiliana kwenye nyuzi, unakaza vizuri kabisa, na katikati hakuna kinachogusana.

kilele_kwa_kilele

Usimpuuze mtoa huduma wa kilimani. Kilomita 4 kwa redio ya GHz 5 ni mwendo mfupi ukiwa na mstari wa macho, na mara nyingi ucheleweshaji wake ni mdogo kuliko wa 4G.

Ila "naona kilima" peke yake haitoshi. Mawimbi husafiri kama puto refu, nyembamba kwenye ncha na pana katikati. Kwa kilomita 4 kwenye GHz 5.8, nusu-kipenyo cha puto hilo katikati ya njia ni karibu mita 7.2. Angalau asilimia 60 ya hiyo, yaani mita 4.3 kuzunguka mstari wa macho, iwe wazi kabisa. Mti mmoja ulioingia humo huenda usikate mawasiliano siku ya kiangazi. Unaweza kuyakata mvua ikinyesha, kwa sababu majani yaliyolowa hunyonya zaidi masafa hayo. Na mti unakua: acha nafasi ya miaka kadhaa.

Muulize maswali haya, na majibu yake yawe kwenye mkataba: Kasi ya chini anayoahidi saa 3 usiku ni ipi? Kifaa kimoja cha kilimani kinahudumia nyumba ngapi? Mlingoti wake una betri za saa ngapi umeme ukikatika? Yeye mwenyewe anapata intaneti kwa faiba au kwa redio nyingine? Akijibu "kasi ni hadi", bado hajajibu.

Siku ya kufunga, dai uone namba ya mawimbi kwenye kifaa chako. Iwe -65 dBm au bora zaidi. Fundi akipata -75 huku hesabu ya umbali ikisema -56, asikwambie ni umbali. Ameshika mawimbi ya ubavuni, yale yanayovuja pembeni mwa antena. Akizungusha taratibu kushoto na kulia atakuta kilele kikubwa kati ya vilele vidogo viwili. Kikubwa ndicho cha kufungia, kisha arudie hivyo hivyo kwa juu na chini.

jua_na_betri

Mkuu, wewe una sola, kwa hiyo hesabu ya umeme itakuchagulia kabla ya hesabu ya kasi.

Betri ya asidi ya Ah 100 ina Wh (wati-saa) 1200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Chukulia una Wh 600.

Sahani ya kawaida ya Starlink, intaneti ya satelaiti, hula wastani wa wati 75 hadi 100. Kwa saa 10 hiyo ni Wh 750 hadi 1000, na inveta inajichukulia asilimia 10 hadi 15 juu yake. Betri yako haiwezi. Ile ndogo, Mini, hula wati 25 hadi 40 na inapokea umeme wa DC moja kwa moja bila inveta. Hiyo inawezekana mchana, ila kuiacha usiku kucha ni kuibana betri.

Ruta ya 4G ya nje ni kama wati 10, ruta ya waifai ya ndani kama wati 6. Jumla 16. Saa 14 ambazo paneli hailishi ni Wh 224. Betri yako inaimudu.

Usiunganishe ruta ya volti 12 kwenye betri moja kwa moja. Betri ikichajiwa inapanda hadi volti 14.4, usiku inashuka chini ya 12. Kuna ruta zinazovumilia na kuna zinazojizima na kuwaka zenyewe hadi uchanganyikiwe. Weka kibadilishi cha DC kinachopandisha na kushusha, kitoe 12 thabiti wakati wote.

Pia soma kibandiko cha ruta ya nje kuhusu umeme unaopita kwenye waya wa mtandao. Kuna za volti 24 zinazopokea umeme bila kuulizana (chanzo na ruta havikaguani kwanza), na kuna za kiwango cha 802.3af za volti 48. Ruta ya volti 24 ukiipa 48 isiyouliza utaiunguza. Ya volti 48 ukiipa 24 haiwaki, na utadhani umeuziwa mbovu.

Nyuzi_Nane

Kuhusu satelaiti, tenganisha aina mbili, maana watu huzichanganya. Ile ya zamani imekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kwa mwendo wa mwanga ni milisekunde karibu 480 kabla kifaa chochote hakijafanya kazi yake, na kwa uhalisia inapita 600. Barua pepe na kupakua mafaili, sawa. Mikutano miwili ya video kila siku, mtakuwa mnakatishana maneno hadi mchoke. Zile za chini kama Starlink ziko kama kilomita 550, ucheleweshaji ni milisekunde 25 hadi 60, na mkutano unakwenda vizuri.

Sharti lake ni anga wazi. Satelaiti hizo zinapita, hazijasimama, kwa hiyo sahani inahitaji uwazi mpana. Programu yake kwenye simu inapima vizuizi bure kabla hujanunua: simama pale sahani itakapokaa, siyo mlangoni. Bondeni kwenye miti, kizuizi kidogo tu kinaweza kumaanisha mkutano unaoganda sekunde chache kila baada ya muda mfupi. Kupakua hutaona tofauti, ila kwenye mazungumzo utaona.

Bondeni

Shukrani sana wakuu. Nimepima siku tatu, juu ya bati, kwa laini zote mbili.

Mtandao A, bendi 20 ya MHz 800: RSRP -98, SINR 4. Alfajiri Mbps 22 kupakua na 6 kupakia. Saa 3 usiku Mbps 2.1 na 0.4.

Mtandao B, bendi 3 ya MHz 1800: RSRP -107, SINR 13. Alfajiri 26 na 5. Saa 3 usiku 17 na 3.5. Ndani ya nyumba B haishiki kabisa.

Kilimani kunaonekana, ila kuna miti mirefu katikati ya njia na si yangu. Programu ya satelaiti inaonyesha vizuizi upande mmoja, sahani itabidi iinuliwe mita 4 juu ya paa. Namba ya seli ya B ni 1234434, sijui inasaidia nini.

FundiMlingoti

Inasaidia sana. Igawe kwa 256: 4822, baki 2. Mnara ni 4822, sekta (upande wa mnara unaokuhudumia) ni 2. Sasa ukizungusha ruta ukaona namba imebadilika, utajua kama umehamia mnara mwingine au sekta nyingine ya mnara uleule.

Jibu lako ni mtandao B. Najua macho yanavutwa na -98 ya A, lakini tazama SINR ya 4 na ile 0.4 ya kupakia usiku. A inatumia masafa ya chini yanayopinda juu ya vilima na kupenya kuta, ndiyo maana inasikika hadi ndani, na ndiyo maana kila simu ya bonde zima imeangukia hapo. Bendi 20 mara nyingi haina upana zaidi ya MHz 10, mnagawana wote. B iko mbali lakini haijajaa, na antena ya ruta ya nje itaongeza desibeli kadhaa juu ya kile simu ilichopata.

Mkutano mmoja wa video wa ubora wa kati unahitaji kama Mbps 1.5 kwenda na 1.5 kurudi. Miwili ni 3 kupakia, na una 3.5 kwa simu tu. Kwa ruta ya nje utapata nafasi ya kupumua.

Hesabu na data: mkutano mmoja ni Mbps 3 jumla, kwenda na kurudi, sawa na GB 1.35 kwa saa. Saa 6 kwa siku, siku 22, ni karibu GB 178 kwa mwezi, bila kugusa masasisho ya kompyuta. Bando la GB 50 litaisha ndani ya wiki moja hivi. Wakikwambia "bila kikomo", uliza kasi inashuka hadi ngapi ukishavuka kiwango cha matumizi ya haki, na kiwango hicho ni GB ngapi. Ikishuka hadi Mbps 1, mikutano imekwisha.

Kununua: ruta ya nje ya daraja la 6 (Cat 6) au zaidi, inayotaja bendi 3 na 20 kwenye karatasi yake, na inayokuruhusu kufunga bendi, yaani kuilazimisha ibaki kwenye bendi uliyochagua. Hilo la mwisho ni la lazima. Usipoifunga kwenye bendi 3 na laini ya B, itafanya kile simu inafanya: kukimbilia mawimbi yenye nguvu hata kama ni mabaya. Waya wa mtandao uwe wa nje, shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba hupoteza volti njiani, na ruta inajizima hasa inapotuma kwa nguvu, yaani katikati ya mkutano.

Bondeni

Nimeelewa mkuu. Na laini ya A niitupe? Halafu namna ya kuielekeza, maana mnara wa B hauonekani kwa macho.

jua_na_betri

Usiitupe. Iweke kwenye simu ya zamani au modemu ndogo, iwe njia ya akiba. Ruta nyingi za ndani zinaweza kuhamia njia ya pili zenyewe ya kwanza ikikatika. Alfajiri A ina Mbps 22, itumie kupakua mafaili makubwa na masasisho.

Jambo moja zaidi kuhusu kupakia: simu zenu zikianza kuhifadhi picha mtandaoni wakati wa mkutano, zitajaza ile Mbps 3.5 yote na sauti itakatika ingawa kasi "ipo". Ruta ya ndani yenye OpenWrt (mfumo huria wa ruta) na cake, foleni inayogawa kasi kwa haki, inatibu hilo. Iwekee kikomo cha asilimia 85 ya kasi uliyopima saa 3 usiku. Ukiweka kasi ya alfajiri, haitafanya chochote wakati unaihitaji.

Na tahadhari: ruta ikipata anwani ya IP inayoanza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja na wateja wengine. Mikutano haiathiriki, ila kamera za nyumbani hutazifikia moja kwa moja ukiwa nje. Utahitaji handaki la WireGuard (njia ya siri ya VPN) linaloanzia ndani.

FundiMlingoti

Kuelekeza: chomeka kila kitu, fungua ukurasa wa ruta kwenye simu yako, na mtu mmoja awe juu. Mlingoti upite kilele cha paa kwa mita 2 au 3, na usiwe mahali ambapo ukianguka utagusa nyaya za umeme. Anza upande wowote, zungusha digrii 10, subiri nusu dakika hadi dakika, andika SINR na namba ya seli. Endelea hadi umalize mzunguko, ndiyo vipimo 36. Pima usiku, mnara ukiwa na watu, siyo alfajiri, ila kama ni giza fanya jioni kabla jua halijazama kabisa. Rudi kwenye namba bora, sasa songa digrii 3 kila upande. Usishangae upande bora usipokuwa upande wa mnara: bondeni mawimbi mara nyingi huja yakiwa yamegonga ukuta wa kilima cha pili, na huko ndiko pa kuelekeza.

Ukipata, chora mstari wa rangi unaopita kwenye mlingoti na kwenye kishikio, kisha kaza nati. Upepo ukiusogeza utaona mstari umeachana bila kupima upya.

Waya ukiingia ndani, uache ulegee ushuke chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, maji yadondokee nje. Chimbia fimbo ya shaba, unganisha mlingoti nayo kwa waya mnene, na weka kizuia radi cha waya wa mtandao pale unapoingia nyumbani, nacho kiunganishwe na fimbo hiyohiyo. Radi ikianza kupiga karibu, chomoa waya upande wa ndani. Kizuia radi kinasaidia dhidi ya mishtuko ya pembeni, radi ikipiga mlingoti wenyewe hakitazuia.